Joho Halijakataa

Mtakaosema naongeza chumvi, semeni tu, nimeshazoea. Nchi ya Kimyani ipo. Na kama hamjawahi kufika huko msijisifu sana, maana wapo watu ambao nchi hiyo imewafuata hadi kwao.

Tunu binti Mgaza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini Luvumo. Shule iko upande mmoja wa mto, na nusu ya watoto wanaishi ng'ambo. Kiangazi huvuka kwa kukanyaga mawe, viatu mkononi, wanasukumana na kucheka. Masika ni habari nyingine. Kuna mwaka mto ulichukua watoto wawili wa darasa lake, ndugu wa tumbo moja, na tangu siku hiyo Tunu akajiwekea kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mvua zikianza, kila asubuhi alishuka mtoni akalitazama jiwe jeusi lililoko katikati ya maji. Likionekana, watoto wanavuka. Likifunikwa, anapunga kanga yake hewani, na watoto wa ng'ambo wanageuza kurudi makwao. Luvumo haikuwa na daraja jingine zaidi ya kanga ile.

Lakini kijiji kilikuwa na tumaini lake. Mdogo wake Tunu, Shaweji, alikuwa amepelekwa Kimyani, nyuma ya milima, akasomee uhandisi wa madaraja kwenye chuo kikuu cha umma kiitwacho Mtamani. Huyu Shaweji ni mtu ambaye tangu utotoni alikuwa akijenga vidaraja vya mabua juu ya mifereji ya maji ya kuogea. Salamu zake zilipofika zilikuwa njema siku zote. Anaendelea vizuri. Mwaka wa kuhitimu ukaja ukapita, naye bado anaendelea vizuri. Masika mengine yalipokaribia Tunu alimwambia mama yao, "Mama, safari hii namfuata mwenyewe. Nitarudi na mhandisi kabla ya mvua." Habari za njiani sitawachosha nazo. Ni mbali, na alifika.

Mtamani ni chuo kidogo, kimezungukwa na mashamba ya mtama kila upande. Langoni pana ubao mpana kuliko jengo la utawala, umeorodhesha programu zote: uhandisi wa madaraja, tiba ya mifugo, sheria, sayansi ya maji, uchumi wa vijiji, na nyingine ambazo ilibidi mchoraji azibane pembeni kwa herufi ndogo. Tunu aliusoma ubao ule akajisikia fahari, si mchezo. Alichokishangaa baadaye ni ukimya. Wanafunzi walikuwa wengi, safi, wenye adabu, lakini hakuna aliyepaza sauti. Bwaloni walipanga foleni ya ugali na maharage bila neno. Uwanjani walicheza mpira, na goli lilipoingia watu waliinua mikono tu wakaishusha.

Msajili Mkuu wa chuo, Dakta Kitogo, alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mwenye sauti laini na kucha safi. Akamkaribisha chai na mihogo, akamuuliza habari za huko atokako, kisha akasema, "Mdogo wako ni kijana mzuri sana, mwalimu. Sasa hivi yuko kwenye mhadhara wa Profesa Mfaume. Twende ukaone mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi walikaa wima kwenye mabenchi, macho mbele. Tunu alimwona Shaweji mstari wa pili, amekonda. Halafu akatazama mbele. Kwenye jukwaa palikuwa na kiti cha mbao, na juu ya kiti limetandazwa joho jeusi lenye ukingo mwekundu, mikono yake imelazwa vizuri kwenye mikono ya kiti.

Akanong'ona, "Profesa amechelewa?"

Dakta Kitogo alitabasamu. "Profesa Mfaume hajawahi kuchelewa. Huyo hapo."

Tunu alidhani anataniwa. Akasubiri kicheko, hakikuja. Mhadhara ukaendelea kwa kimya hadi kengele ilipolia, wanafunzi wakasimama, wakainama mbele ya joho, wakatoka.

Basi Msajili akamweleza, tena bila kuona haya yoyote. Zamani Mtamani ilikuwa na walimu wenye miili. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu mjini, huyu ughaibuni, huyu siasani, na kila mmoja alipoondoka programu yake ilikuwa hatarini kufa. Kufuta programu ni aibu. Jina likishaandikwa langoni, utalifutaje mbele ya wazazi? Hapo Seneti ya chuo ikapitisha sheria: mwalimu ni joho. Maadamu joho lipo kitini, mwalimu yupo, na maadamu mwalimu yupo, programu iko hai.

"Na mitihani?" Tunu akauliza.

"Ipo, tena migumu. Mwanafunzi anasimama mbele ya joho, anaeleza anachokijua. Joho lisipokataa, amefaulu."

"Limewahi kukataa?"

"Hapana," alisema Dakta Kitogo. "Walimu wetu ni bora sana."

Sheria ya pili ya Kimyani Tunu aliijua kwa kuikanyaga. Jioni ile alialikwa kwenye kikao cha Seneti kama mgeni wa heshima. Wazee wa chuo walikuwa wanajadili kama wakati wa likizo majoho yakunjwe au yatundikwe. Walijadili hadi taa zikawashwa. Upande mmoja ulisema kulikunja joho ni kumdhalilisha msomi. Upande wa pili ulisema kulitundika ni kumchosha. Mwishowe mmoja akamgeukia Tunu kwa ukarimu. "Mgeni wetu naye ni mwalimu. Kwenu mnafanyaje?"

"Sijui," akajibu Tunu. "Kwetu mwalimu akienda likizo anaenda na nguo zake."

Ukumbi mzima ukaganda. Mzee mmoja akaangusha miwani. Dakta Kitogo akamshika mkono, akamtoa nje taratibu, na huko nje akamweleza kwamba neno lile la kwanza halitamkwi Mtamani. Chuo ni mahali pa kujua. Mwanafunzi akilitamka anatolewa langoni, na mtama wake wa chakula anapewa mwingine. Amesamehewa kwa kuwa ni mgeni, ila asirudie. Mwanamke wa watu akaomba radhi. Angefanyaje, alikuwa na shida yake.

Kesho yake aliingia ukumbini akakaa benchi la nyuma, pembeni ya mzee mmoja mwenye mvi kichwa kizima, amevaa shati la wanafunzi. Katikati ya kimya Tunu akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa ameamua kujaribu.

"Profesa," akasema, "mto wetu una mchanga chini. Nguzo ya daraja ichimbiwe hadi wapi ndipo maji yasiing'oe?"

Hakuna aliyekohoa. Joho likakaa kama lilivyokaa. Baada ya muda wanafunzi wakasema kwa pamoja, polepole, kama watu walio kwenye sala, "Joho halijakataa." Wakarudia kunyamaza. Lakini Tunu aliona kitu. Vidole vya yule mzee wa pembeni yake vilikuwa vinacheza juu ya goti, vinachora mstari kwenda chini, vinapitiliza, vinagota kwenye kitu kigumu.

Alimfuata bwaloni, akakaa naye mbele ya sahani ya maharage.

"Babu, wewe unajua nguzo."

Mzee aliangalia kushoto na kulia. "Niliwahi kujua."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mfaume," akasema, akiwa ameinamia sahani.

Tunu akaacha kula. Mzee alimweleza kwa kunong'ona. Wizara ilitaka kila programu iwe na wanafunzi wa kutosha, la sivyo inafungwa. Wanafunzi hawakutosha. Kwa kuwa joho lilikuwa linafundisha vizuri bila yeye, ikaonekana mwili wake ungefaa zaidi kwenye benchi. Akavua joho, akaja kukaa. Ndivyo wanavyofanywa wahitimu pia: anayehitimu haondoki, joho lake ndilo linalopangiwa kazi wilayani. Kwa njia hiyo mabenchi hayapungui, na nchi haikosi wataalamu.

Tunu akamsogelea. "Babu, nisikilize. Mfundishe Shaweji. Leo hii. Mchukue nyuma ya mabweni, mwonyeshe kwa kijiti mchangani, hata kama ni nguzo moja tu. Kule kwetu watoto wanakufa."

"Mwanafunzi hamfundishi mwanafunzi. Ni sheria."

"Nani kaitunga?"

"Sisi. Nami niliunga mkono." Mzee akameza tonge. "Na hata ningekubali, mwalimu, mambo ya mchanga nimeyakalia kimya muda mrefu. Huenda sasa sina tena cha kumwonyesha." Akasimama na sahani yake, akaenda kupanga foleni ya kuosha. Kama kuna mtu Tunu alimhurumia na kumchukia kwa pamoja, ni yule.

Tunu alimkuta Shaweji nyuma ya bweni, anafua shati. Ndugu wakakumbatiana. Shaweji alifurahi kwelikweli, machozi yalimlengalenga, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, unamsikia kama mtu aliye chumba cha pili.

"Dada, nimefaulu. Daraja la juu kabisa. Mahafali ni kesho."

"Hongera. Sasa niambie. Ukisimama mbele ya mto wetu, unaanzia wapi?"

Shaweji alikamua shati. Akalikamua tena lilipokuwa halina maji. Tunu aliona neno moja limemjia mdomoni na akaona jinsi alivyolirudisha ndani. "Nitaanza na joho," akasema.

"Shaweji, twende nyumbani. Sasa hivi, na shati lako bichi. Mahafali watafanya wenyewe."

"Nikiinuka benchi linapungua, dada. Programu itakufa. Na ikifa, wenzangu wote wamesoma bure." Alisema hivyo akiwa anatazama upande wa ukumbi, kama anayemwomba mtu ruhusa. Tunu alimvuta mkono. Alivutika hatua chache, akasimama, akawa mzito. Tunu alilia pale pale, mbele ya kamba za nguo, bila kujificha.

Kesho yake palipigwa vigelegele vya kimya, yaani wanawake walifungua midomo tu. Shaweji alivishwa joho jipya, akapewa mkono na Dakta Kitogo, akapigwa picha, akavuliwa. Joho likakunjwa vizuri likawekwa kwenye sinia.

"Mwalimu," Msajili akamwambia Tunu, "mhandisi wenu huyu hapa. Mpeni kiti kizuri."

"Na ndugu yangu?"

"Ndugu yako ana nafasi yake." Tunu alipogeuka, Shaweji alikuwa ameshakaa mstari wa pili, wima, macho mbele.

Alitamani kulitupa lile joho njiani, asifikiri mtu kwamba hakuwaza. Lakini chuo kilikuwa kimempa wasindikizaji, na wao ndio waliolibeba, na wao ndio waliomtangulia kufika Luvumo na kuwaeleza watu. Alipoingia kijijini, ngoma zilikuwa zinalia. Mwenyekiti wa kijiji, Mtengwa, mtu mwenye kifua na maneno, alikuwa ameshaagiza banda lijengwe ukingoni mwa mto, na kiti chenye mito kuwekwa ndani.

Mama yao aliligusa joho. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama," alijibu Mtengwa. "Si huyo hapo?"

Tunu alisema kweli yote barazani, mbele ya watu. Wakamsikiliza. Kisha mmoja akasema mwalimu ana wivu, mdogo wake amempita elimu, na watu wakaguna wakikubali. Hapo nasema wazi, mimi msimuliaji: niliposikia habari hii sehemu hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kungoja, na hapo walikuwa wamepata kitu cha kuacha kukingojea.

Mvua zikaanza. Asubuhi maji yalipojaa, Tunu alishuka mtoni na kanga yake. Jiwe jeusi halikuonekana. Watoto walikuwa wamejipanga ng'ambo, na upande wa huku Mtengwa na wanaume kadhaa wamesimama kando ya banda.

"Mwalimu, weka kanga chini," Mtengwa akasema. "Unamdharau mhandisi. Tangu aje hujamuuliza hata mara moja."

Akaligeukia joho, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Mhandisi, watoto wavuke?"

Maji yalikuwa yakinguruma. Joho lilikaa kimya kitini.

"Hajakataa," akasema Mtengwa, na wanaume wakaitikia, "Hajakataa." Yale maneno walikuwa wamefundishwa na wasindikizaji. Ng'ambo, mtoto wa mbele akavua viatu.

Tunu aliingia bandani, akalikumbatia joho, akakimbia nalo hadi ukingoni akalirusha mtoni. Liliangukia katikati, likajaa maji, mikono ikanyanyuka juu mara moja, likavutwa chini. Watoto waliona. Yule wa mbele akarudi nyuma hadi kwenye nyasi akashika viatu vyake kifuani.

Huku kukawa na mayowe, mhandisi anazama. Na wanaume wale ambao mwaka mto ulipowachukua wale ndugu wawili walisimama ukingoni wakashika vichwa, leo walijitupa majini. Walitoka wote isipokuwa Ngwali, fundi baiskeli, baba wa watu. Mwili wake ulipatikana chini kwenye matete. Joho halikupatikana. Yakachimbwa makaburi mawili, na la mhandisi, ambalo halikuwa na kitu ndani, ndilo lililokuwa refu.

Baraza likamkuta Tunu na hatia ya kumuua mhandisi wa kijiji. Akakatazwa shule, akakatazwa kukanyaga mtoni. Alikuwa akishinda uani kwa mama yake, kwenye mwinuko, anautazama mto kwa mbali na kuhesabu watoto kwa macho. Kila siku alimkumbuka mke wa Ngwali, na hakuwa na la kujitetea mbele yake.

Habari za msiba zilifika Mtamani. Na huko, jamani, sheria ni sheria. Mtu ambaye joho lake limekufa hawezi kukalia benchi. Shaweji alisimamishwa katikati ya mhadhara, akapelekwa langoni, akaambiwa pole kwa kufiwa.

Alifika Luvumo jioni, miguu imevimba. Watu aliokutana nao walimpisha njia mbali. Mama yake alimshika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akimshika utotoni, akasema, "Ni yeye." Tunu alimwosha miguu. Hawakuongea mengi. Usingizi ulimchukua akiwa amekaa wima.

Mtengwa hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Alfajiri alikuja mwenyewe. "Kama mhandisi amerudi, kiti chake kipo." Shaweji akamfuata, maana kufuata ndicho alichokuwa amesomea. Akakaa bandani, mikono juu ya mikono ya kiti, macho mbele.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tunu, kutoka uani, alitafuta jiwe jeusi hakuliona. Watoto walikuwa wameshajipanga ng'ambo. Akasikia sauti ya Mtengwa ikiuliza, "Mhandisi, watoto wavuke?"

Shaweji alinyamaza. Alinyamaza jinsi alivyofundishwa, mgongo umenyooka. Tunu akavuka ua akaanza kuteremka mbio, katazo au si katazo, akiteleza kwenye tope, akijua hatawahi. Mtengwa alikuwa ameshainua mkono. Na mtoto wa mbele ameshainama kuvua viatu.

"Sijui," akasema Shaweji.

Ilitoka ndogo, imekwaruza. Mtengwa akageuka. "Umesemaje?"

"Sijui." Alikuwa ameinamisha shingo, kama anayengoja kushikwa atolewe. Hakuna aliyemshika. Akasimama kwenye kiti, akapaza sauti ambayo miaka yote ile hakuwa ameipaza. "Sijui mto huu una kina gani. Sijui kujenga daraja. Msivuke. Rudini nyumbani."

Watoto wakarudi. Tunu akakaa chini pale pale kwenye tope la njiani, akajifunika uso kwa kanga.

Msidhani watu walishangilia. Mtengwa alimtazama Shaweji juu hadi chini kwa masikitiko ya kweli. "Yule wa kwanza," akasema, "hakuwahi kutuvunja moyo hivi." Na wanaume wakaguna wakikubali, na mke wa Ngwali, aliyekuwa amesimama nyuma yao, hakuguna wala hakusema kitu.

Tangu hapo Shaweji yuko mtoni kila siku na ufito mrefu wa mwanzi, anauchoma mchangani, anautoa, anautazama ulipolowa, anausogeza hatua moja anauchoma tena. Dada yake anasimama ukingoni na kanga, katazo au si katazo. Jioni wanarudi hawajui mengi, lakini yanazidi ya jana. Kijiji nacho hakikukaa bure. Kimetuma watu Kimyani, na kwa ninavyosikia joho jipya limeshavuka milima, na mvua bado hazijaisha.